Uaminifu kwa Asili Isiyotulia

Kila tafsiri mpya ya Vita na Amani inapotoka, hupokewa kana kwamba sasa ndipo tumekabidhiwa Tolstoy mwenyewe. Constance Garnett aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1904, kazi iliyomuumiza sana macho. Wakafuata Louise na Aylmer Maude, waliomfahamu Tolstoy ana kwa ana. Mwaka 2007 wakaja Richard Pevear na Larissa Volokhonsky. Wote walitafuta uaminifu. Uaminifu kwa nini hasa?

Tuutazame ukurasa wa kwanza. Ni Julai 1805, Petersburg, nyumbani kwa Anna Pavlovna Scherer. Anampokea mgeni wake wa kwanza, Vasily Kuragin, huku akimlaani Napoleon, na anamlaani kwa Kifaransa. Akina Maude waliyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza, msomaji akapita bila kujikwaa. Pevear na Volokhonsky waliyaacha yalivyo, tafsiri ikawekwa chini ya ukurasa. Asiyejua Kifaransa hujikuta amesimama mlangoni mwa sebule ile, anasikia sauti za wakubwa bila kuambulia kitu. Naona kujikwaa huko ni sehemu ya riwaya: tabaka zima linajiandaa kupigana na adui, na lugha ya adui huyo ndiyo linayoiwazia. Ukipalainisha hapo, umeifuta fedheha yao.

Ningeishia hapo, ila Tolstoy mwenyewe ananizuia. Katika toleo la 1873 alikiondoa Kifaransa na kuweka Kirusi mahali pake. Tafakuri zake nyingi kuhusu historia akazitoa kwenye mkondo wa hadithi na kuzikusanya mwishoni. Baadaye Kifaransa kikarudishwa. Basi asili ni ipi? Walichokuja kukifanya akina Maude, mwandishi alikwisha kukifanya kwa mkono wake, juu ya kitabu chake.

Hili haliwapi watafsiri ruhusa ya kufanya wapendavyo, linawaongezea mzigo. Asili ingekuwa imetulia, ingetosha kuifuata kwa uangalifu. Lakini ikiwa Tolstoy aliyumba kati ya kumwelewesha msomaji na kumsumbua, mtafsiri hana budi kuchagua upande, naye huchagua akiwafikiria wasomaji wa zama zake. Uchaguzi huo ndio unaochakaa, hata kama haukuwa kosa. Ndiyo maana namwamini zaidi mtafsiri anayesema katika dibaji amechagua nini na amepoteza nini, kuliko anayeniahidi Tolstoy mzima.