Mateka Aliye Mkononi Mwako



Ndugu zangu waumini, kuanzia Malaba na Busia mjini mpaka Osieko ufuoni mwa ziwa, naiusia nafsi yangu kisha nawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo nataka tumtazame mateka wa vita. Katika nyumba nyingi za huku kwetu kuna babu aliyekuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza. Wangu alilinda kambi ya Nanyuki, walikowekwa Waitaliano walioletwa kwa maelfu baada ya Addis Ababa na Gondar kuanguka mwaka 1941. Utekwa aliujua akiwa nje ya seng'enge, bunduki begani.

Na mateka wenyewe walikuwa nani? Jeshi lao ndilo lililowamwagia Wahabeshi gesi ya sumu kutoka angani mwaka 1935 na 1936. Anayetafuta sababu ya kuwatesa hakosi. Lakini Januari 1943 watatu wao, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kambini wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojiundia kwa siri. Wawili wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao. Wakahukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao; wakatumikia 7.

Siwasifu hata kidogo wakoloni wa Kiingereza waliowapunguzia adhabu hiyo. Serikali hiyohiyo iliwajaza wananchi wetu katika kambi za Manyani na Hola, na huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa mpaka wakafa. Huruma inayochagua rangi ya mfungwa si huruma. Sisi tumefundishwa nyingine.

Surat al-Insan, aya ya 8, inawataja watu wema wanaotoa chakula, nao wenyewe wanakipenda, wakampa maskini, yatima na mfungwa. Mfungwa wa wakati ule alikuwa nani, kama si adui aliyetoka kukupiga upanga? Baada ya vita vya Badr, Mtume (s.a.w.) aliwausia maswahaba wawatendee mateka wema. Abu Aziz bin Umayr, mmoja wa mateka hao, alisimulia kwamba Ansari waliomshika walimpa yeye mkate, wao wakala tende. Aliona haya akawarudishia; wakamrudishia tena.

Naye Thumama bin Uthal, kiongozi wa Yamama, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina. Fikirini mahali hapo: anawaona watu wakija kuswali, anaisikia Qur'ani, hakuna anayemtukana. Kila siku Mtume akimpitia na kumwuliza ana lipi la kusema. Siku ya tatu akaamuru afunguliwe, bila fidia. Thumama akaenda kwenye mitende iliyokuwa karibu, akaoga, akarudi akatoa shahada.

Babu hakuwa msemaji, lakini siku moja vijana walimshika mwizi wa baiskeli karibu na mpaka, wakamfunga kamba, mawe yakaanza kuokotwa. Mzee akapita katikati yao akasimama mbele ya yule kijana. Akawaambia kwamba mtu akishafungwa mikono vita vyake vimekwisha, anayeendelea kumpiga anatafuta dhambi yake mwenyewe. Mwizi akapelekwa polisi akiwa mzima.

Waumini, sisi tunaishi mpakani. Vijana wetu wanashikwa kwenye njia za panya na magendo yao, wengine wanakaa rumande kwa kukosa dhamana ndogo tu, na jamaa zao wako ng'ambo, Uganda. Hatusemi wasihukumiwe. Tunasema wana haki juu yetu, nasi tumezoea kupita nje ya ukuta wa gereza bila hata kugeuza shingo. Na mwizi akishikwa sokoni, miongoni mwa wanaokimbilia mawe wamo watu wa safu zetu hizi. Jambo hili ni haramu, nalisema waziwazi.

Baada ya swala, wazee wa kamati watapokea sabuni, sukari, unga na mablanketi ya kupeleka kwa wafungwa, Waislamu na wasio Waislamu. Usiondoke bila kutoa, na mwenye nafasi ajiandikishe kwenda kuwatembelea. Wabillahi tawfiq.