Daraka la Msaidizi wa Wagonjwa

Mtu wa Musonoi akiumia kazini au akishikwa na homa kali, jamaa zake humpeleka hospitalini Kolwezi, na huko humwita "munganga" kila mtu wamwonaye amevaa koti jeupe. Lakini wengi wa hao si madaktari. Madaktari ni wachache. Baada yao wako wauguzi waliosomea kazi yao miaka kadhaa, na chini ya wauguzi wako wasaidizi. Msaidizi ndiye amwoshaye mgonjwa asiyeweza kuinuka, amgeuzaye ili ngozi isioze kwa kulalia upande mmoja, amwagaye choo, apimaye joto la mwili na kuliandika. Ndiye pia awaonyaye jamaa waliokuja na sufuria na mikeka yao, kwa maana katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa hupikiwa na watu wa nyumbani kwake. Katika mfano wa Msamaria mwema, yule mwenye nyumba ya wageni, aliyeachiwa majeruhi amtunze, hasifiwi na mtu. Msaidizi ni ndugu yake.

Basi, mtu huyu asiye na cheo, atendaye tu aliyoagizwa, je, ana daraka mbele ya mgonjwa? Wengi hujibu upesi kwamba hana. Aliyeagiza ndiye atakayejibu. Msaidizi ni mkono tu, na mkono hauhukumiwi. Jibu hili lina sura ya haki, tena humpendeza msaidizi mwenyewe, kwa kuwa humpunguzia mzigo. Lakini yafaa lipimwe kwa jambo lililotokea kweli katika nchi hii.

Mwaka 1976, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, palikuwa na hospitali ya misioni huko Yambuku, upande wa kaskazini. Ilikuwa na vitanda 120, wala haikuwa na daktari. Kazi ya uuguzi ilifanywa na watu 17, masista pamoja na wenyeji, nao walipendwa na vijiji vyote vya jirani, hata watu wakaja kutoka mbali. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa waliotoka nyumbani, kwa wajawazito, na kwa waliolazwa. Baada ya kumchoma mmoja, na kabla ya kumchoma mwingine, sindano ilisuuzwa tu katika bakuli la maji ya moto kidogo. Jioni pengine zilichemshwa, pengine hazikuchemshwa.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mtu mwenye homa, akachomwa dawa ya malaria. Siku chache baadaye ulilipuka ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, uliopewa baadaye jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa. Katika wagonjwa hao, 85 waliambukizwa kwa sindano, wala hakupona hata mmoja. Katika wale watumishi 17, walikufa 11, na tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa.

Ni nani aliyewaua watu wale? Hakuna aliyetaka mtu afe. Aliyesuuza sindano alisuuza kama alivyoonyeshwa, na ugonjwa wenyewe haukujulikana na mtu yeyote duniani. Asiyejua, tena asiyeweza kujua, hana hatia. Hilo lisemwe wazi, maana wengi wao walilipa kwa maisha yao. Lakini hatia ni jambo moja na daraka ni jambo jingine. Hatia hutafutwa baada ya msiba. Daraka huwekwa mkononi mwa mtu kabla, asubuhi, pamoja na zile sindano tano. Kwamba sindano yapasa kuchemshwa kabla ya kumchoma mtu wa pili, hilo halikuwa siri mwaka 1976. Na ni nani aliyeliona lile bakuli kila siku? Si waziri mjini, wala si daktari wa mbali. Aliyeliona ni yule wa chini kabisa.

Hapo ndipo jibu la upesi linaposhindwa. Mkono hauoni, lakini msaidizi anaona. Haombwi kujua kuliko daktari, anaombwa asilinyamazie aliloliona, aende kusema, "Sindano hazitoshi." Huenda akakemewa. Huenda pia asisikilizwe, kwa sababu fedha hazipo kweli. Hata hivyo wakubwa waliopeleka sindano chache hawatoki katika daraka lao kwa sababu yeye analo lake. Daraka si mkate, kwamba mmoja akila kipande, mwenzake hupungukiwa.

Ugonjwa uo huo ulipofika Kikwit mwaka 1995, watu 315 waliugua, na 80 kati yao walikuwa watumishi wa afya. Zilipoletwa glavu, barakoa na mavazi ya kujikinga, na watumishi wakafundishwa kuvitumia, maambukizo kati yao yalikoma karibu kabisa. Msaidizi adaiye glavu hajitakii makuu. Humlinda pia mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo huanza katika lile jina "munganga". Msaidizi akirudi nyumbani jioni, jirani humjia na mtoto mwenye homa na noti mkononi, akimsihi amchome sindano hapo hapo, kwani hospitali ni ghali na foleni ni ndefu. Jina ni tamu, na mshahara wake ni mdogo au umechelewa. Lakini hakufundishwa kuchagua dawa wala kuipima kwa uzito wa mtoto. Yampasa alikatae jina lile mbele ya mama huyo, akubali kuonekana mdogo, airudishe noti, na kumwambia kwamba mtoto apelekwe kwa daktari usiku huu huu. Tena, akiweza, afuatane naye.