Haki ya Ndugu na Haki ya Jirani kwa Anayehamia Karibu na Wazazi

Anayehama ili awe karibu na wazazi au ndugu zake huamua mambo mawili kwa wakati mmoja, ingawa mara nyingi huliona moja tu. Anaamua juu ya jamaa, watu aliozaliwa nao na asioweza kuwabadilisha. Anaamua pia juu ya majirani, watu asiowajua bado, ambao atazisikia redio zao usiku na ambao siku moja watabeba jeneza lake. Uislamu na Ukristo, dini zenye wafuasi wengi zaidi Afrika Mashariki, zimeyazungumzia yote mawili kwa urefu na wala hazikuyachanganya. Swali linalobaki ni kama kukaa karibu na ndugu ni wajibu wenyewe, au ni njia tu ya kuufikia wajibu mwingine.

Qurani, katika aya ya 36 ya Sura An-Nisaa, inaamrisha wema kwa wazazi, kisha jamaa, mayatima na maskini, na baada yao inamtaja jirani mara mbili: jirani aliye jamaa na jirani asiye jamaa. Wafasiri wamelijadili sana fungu hilo. Lililo wazi ni kwamba ujirani umesimama kwa miguu yake. Jirani mgeni ana haki kwa sababu ya mahali alipo, si kwa sababu ya damu, na aliye ndugu na jirani kwa pamoja amebeba haki mbili, hakupunguziwa hata moja. Ipo riwaya inayowagawa majirani katika makundi matatu, wenye haki moja, mbili na tatu, kwa kuzingatia udugu na dini. Wanahadithi wameidhoofisha isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, lakini mgawanyo wenyewe umeendelea kutumika darasani kwa kuwa unarahisisha maelezo.

Tofauti kati ya haki hizo mbili huonekana vizuri katika vipimo. Kuunga udugu hakukuwekewa umbali. Hakuna faqihi, mwanachuoni wa sheria ya Kiislamu, aliyesema kwamba mwana akikaa zaidi ya maili kadhaa kutoka kwa mama yake amekata udugu. Kinachoangaliwa ni kuzuru, kusaidia, kusalimia na kuacha kuudhi. Ujirani, kinyume chake, ulipimwa. Wanazuoni wa mwanzo, Al-Awzai na Hasan al-Basri, wamenukuliwa wakisema unafika nyumba 40 kila upande. Wengine walisema jirani ni yule anayeusikia mwito wa sala uleule. Serikali za Afrika Mashariki, kwa sababu zisizo za kidini, ziliridhika na idadi ndogo zaidi: TANU, chama kilichotawala Tanzania, iliweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960, na Kenya ikaanzisha mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Kwa hesabu ya Al-Awzai, balozi mmoja asingetosha.

Hadithi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, inaongeza kipimo kingine. Alimuuliza Mtume ampelekee zawadi jirani yupi kati ya wawili, akajibiwa kwamba ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango, si ukuta. Vitongoji vya Dar es Salaam vinaieleza hadithi hiyo vizuri kuliko ufafanuzi wowote, maana nyumba mbili zinaweza kupeana migongo huku milango yake ikifunguka kwenye njia tofauti, na wenyewe wasionane hadi kwenye msiba.

Kuhusu ndugu kukaa ubavu kwa ubavu, maneno mazito zaidi yananasibishwa na Umar bin al-Khattab. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika Ihya Ulum ad-Din kwamba khalifa huyo aliwaandikia watendaji wake wawaamuru jamaa watembeleane, wala wasikae ujirani. Sababu anayoitoa Al-Ghazali ni ya mtu anayewajua watu: jamaa wakibanana, haki zao hugongana, na mgongano huo huweza kuzaa chuki na kukata udugu. Ni ushauri unaoshangaza katika dini inayohimiza udugu kwa nguvu kiasi hicho. Lakini haupingani na amri ya kuunga udugu, unailinda. Umar anauchukua udugu kuwa ndilo lengo, na ukaribu anauchukua kuwa ni chombo. Chombo kikiliharibu lengo, huwekwa kando. Maisha yake mwenyewe yalikuwa na sura hiyo. Aliishi Awali, pembezoni mwa Madina, na alipokezana na jirani yake wa Kiansari kuteremka mjini, huyu leo na yule kesho, kila mmoja akimletea mwenzake habari za Mtume. Kilichomwezesha Umar kuishi nje ya mji bila kupitwa na mambo kilikuwa jirani, na jirani huyo hakuwa ndugu yake wa damu.

Madina hiyohiyo ina kisa cha watu waliotaka kuhama. Watu wa ukoo wa Bani Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume, na nafasi ilipopatikana wakakusudia kusogea. Mtume aliwataka wabaki majumbani mwao, akiwaambia kwamba nyayo zao huandikwa. Kisa kinahusu msikiti, na si halali kukigeuza kuwa hukumu ya jamaa moja kwa moja. Hata hivyo kinavunja dhana kwamba aliye mbali amepungukiwa. Safari ya kumwendea mama kila Jumapili inaweza kuwa ibada nzito kuliko kuishi chumba cha pili na kupita mlangoni pake bila kumjulia hali.

Biblia inafika karibu na hapo kwa njia ya simulizi. Katika sura ya 13 ya Mwanzo, wachungaji wa Abramu na wa Lutu, mtoto wa ndugu yake, wanagombana kwa sababu nchi haiwatoshi. Abramu, aliye mkubwa, anampa mdogo nafasi ya kuchagua kwanza. Lutu anainua macho, anaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, anakwenda huko na kupiga hema zake hadi Sodoma. Aliitazama ardhi, hakuwatazama majirani, na sura zinazofuata zinaonyesha gharama yake. Sehemu isiyokumbukwa sana ni ile ya sura ya 14: Lutu anapotekwa vitani, Abramu anatoka na watu 318 kumfuata na kumrudisha. Kutengana hakukukata udugu. Pengine ndiko kulikouokoa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 27, kinakamilisha upande wa pili kwa kumweka jirani wa karibu mbele ya ndugu aliye mbali siku ya msiba.

Yote haya yasimfanye msomaji adhani kwamba dini zimewapendelea majirani dhidi ya ndugu. Pwani ya Waswahili inao ushahidi wa kinyume. Lamu, katika nyumba za mawe za watu wa tabaka la juu, binti alipoolewa mara nyingi hakuondoka. Aliongezewa orofa au kupewa nyumba jirani, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba za jamaa mmoja ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, ili wanawake wapite kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kushuka njiani. Huko ndugu walikaa ujirani vizazi na vizazi, kinyume kabisa na waraka wa Umar, na mtaa ukasimama. Ulisimama kwa sababu mwenye nyumba alijulikana. Nyumba ilikuwa ya binti, mume alijua kwamba yuko kwa wakweze, na kila mmoja alizijua njia zake za kupita. Waraka wa Umar basi ni ushauri wa pale ambapo mipaka haijulikani.

Na katika vitongoji vya Dar es Salaam vya leo, mipaka ndiyo jambo gumu. Mtoto anayejenga kwenye uwanja wa baba, Tandika au Mbagala, kwa nia njema ya kuwa karibu na wazee, anajenga juu ya ardhi ambayo baba akifariki itakuwa ya warithi wote. Kwa sheria za Tanzania jengo lililoshikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Katika mirathi ya Kiislamu fungu la kila mrithi huamuliwa na sheria, na wema wa aliyebaki kuwauguza wazazi haumwongezei hata shubiri. Pasipo maandishi na mashahidi, chumba kilichojengwa kwa mapenzi huishia barazani kwa kadhi au mahakama ya mwanzo. Haki kugongana, alikosema Al-Ghazali, ndiko huku.

Kwa hiyo wengi hutafuta kiwanja chao wenyewe, na hapo ndipo swali la mtaa upi linapoingia. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulipima maeneo ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Tuangoma na Buyuni na kuviuza kwa waombaji, hivyo wakazi wake walikutana kama wageni. Penye ardhi isiyopimwa mambo huenda tofauti: mmoja hununua kipande kwa mwenyeji, humwita kaka yake, kaka humwita shemeji, na baada ya miaka kumi njia nzima ni ukoo mmoja. Aina ya kwanza ina usalama wa hati na upweke wa mwanzo. Ya pili ina salamu nyingi na mipaka ya mikorosho. Kwa kanuni ya Umar, ya kwanza ndiyo salama zaidi kwa udugu, mradi wazazi wafikike.

Kufikika huko hakupimwi kwa ramani. Kigamboni inatazamana na Kivukoni ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, lakini kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016 mtu aliyetaka kumwona mzazi wake mjini alitegemea kivuko au alizunguka mbali. Mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara, na kwa mwenye wazazi Magomeni, Kimara ikawa ya kufikika kwa basi moja tu. Mtoto anayetaka kujua kama kiwanja kiko karibu na wazazi angefanya vyema kuuliza kama anaweza kwenda na kurudi usiku wa siku ya kazi mvua ikinyesha. Asipoweza, kiwanja hicho kiko mbali, hata kama dalali amesema ni dakika ishirini.

Linabaki suala ambalo familia huliruka: ndugu wa nani? Anayehama akiwa na ndoa ana koo mbili, na kusogea upande mmoja mara nyingi ni kusogea mbali na wa pili. Mwanzo 2:24 inamweka mwanamume katika hali ya kuacha baba na mama ili aambatane na mkewe. Mafaqihi nao, hasa wa madhehebu ya Hanafi, walimpa mke haki ya makazi ambamo halazimishwi kuishi pamoja na jamaa za mumewe bila ridhaa yake. Mume anayetangaza kwamba wanahamia kwa mama, na kuliita tangazo hilo utiifu kwa wazazi, analipa deni lake kwa fedha ya mtu mwingine.

Upo pia uhamaji wa kinyume, wa kumhamisha mzazi badala ya mtoto. Bibi aliyekaa Ilala miaka 50 anapelekwa Madale kwenye nyumba yenye vigae na geti, na watoto huhisi wamefanya wema. Wamemwondoa kwenye nyumba zake 40. Wanawake aliosoma nao maulidi, muuza duka anayemkopesha, msikiti ambao imamu wake anamjua kwa jina, vyote hivyo vilikuwa haki zilizojengwa polepole, na hazihamishiki kwa lori. Mkatoliki hupoteza jumuiya ndogo ndogo yake, ambayo tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoikazania miaka ya 1970 hupangwa kwa mtaa, si kwa ukoo. Mzazi asipokuwa mgonjwa wa kuhitaji mtu usiku kucha, ni bora zaidi mtoto ndiye ahame.

Kuchagua jirani kabla ya nyumba, kwa hiyo, si usemi wa kupamba mazungumzo. Wanazuoni waliuona hata katika dua ya mke wa Firauni, aliyeomba kwanza kuwa kwa Mola wake na ndipo akaitaja nyumba. Na inasimuliwa kuhusu Abu Hamza as-Sukkari, mwanachuoni wa Merv wa karne ya 8, kwamba jirani yake alitaka kuuza nyumba kwa 2,000, na 2,000 nyingine kwa ajili ya ujirani wa Abu Hamza. Habari zilipomfikia, alimpelekea 4,000 asiuze. Kwa mnunuzi wa leo maana yake ni ndogo na ya kutendeka: kabla ya kulipia, akasali mara mbili tatu kwenye msikiti au kanisa la mtaa huo, azungumze na mwenyekiti wa mtaa, aulize kama pana chama cha kuzikana na nani huhudhuria.

Chama hicho cha kuzikana kina msingi wa zamani. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliagiza jamaa za Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa na la kuwashughulisha. Katika Minhaj at-Talibin ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika vyuo vya pwani, imeelezwa kwamba ni sunna majirani wa wafiwa wawaandalie chakula cha kuwashibisha siku ile na usiku wake. Mtaa ambao kila nyumba ni ya ndugu wa marehemu hauna mtu wa kuiinjika sufuria hiyo.