Tazama Viti

Huku kwetu, kuanzia Rulenge na Kabanga hadi Nyakanazi na Biharamulo mjini, harusi haiishi siku ya harusi. Kesho yake hukaliwa kikao cha pili kisicho na mwenyekiti, vijiweni kwa bodaboda na barazani kwa wazazi, na ajenda zake zinajulikana: nyama ilitosha au haikutosha, MC aliongea sana au kwa kiasi, DJ aliua au alituua. Kwenye ajenda hiyo ya mwisho vijana na wazee hawapatani. Kijana atakwambia yule DJ ni moto, anaunga nyimbo mpaka hujui ya kwanza imeishia wapi. Mzee atakwambia alikaa tangu saa mbili hadi saa sita usiku na hakusikia hata wimbo mmoja ukafika mwisho. Wanamsema mtu yuleyule, na nadhani wote wawili wana haki.

Ubishi huu naupenda, kwa kuwa ndani yake mna swali linalozidi muziki: kazi ya mtu ambaye ufundi wake wote ni kwa ajili ya wengine tunaipima kwa lipi?

Tuanze na mikono, maana ndiyo vijana huikodolea macho. Kuunga nyimbo kwa kulinganisha mapigo kulianza kushika sura yake mwishoni mwa miaka ya 1960 huko New York, Francis Grasso akiwa miongoni mwa waasisi. Kisha mashine ya santuri ya Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, ikawapa ma-DJ injini imara na uwezo wa kuongeza au kupunguza mwendo wa santuri kidogo kidogo. Kazi yenyewe ukiisogelea si uchawi. Sikio moja lina hedifoni linasikiliza wimbo unaokuja, sikio jingine liko ukumbini. DJ anavuta mwendo wa wimbo mpya mpaka pigo likae juu ya pigo. Anapunguza besi ya ule unaotoka kabla hajafungua besi ya ule unaoingia, kwa sababu besi mbili zikigongana spika hutoa ngurumo isiyo na sura. Na anahesabu: nyimbo nyingi hujengwa kwa mapigo manne manne, kwa hiyo anayeingiza wimbo katikati ya hesabu, mwimbaji akiwa bado ana neno mdomoni, amekosea hata kama mapigo yamelingana.

Siku hizi laptopu hulinganisha mapigo yenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Wakongwe wanakidharau kitufe hicho, wanasema kimezaa ma-DJ wasio na masikio. Mimi sikidharau. Kama mashine imechukua hesabu, basi DJ amebaki na macho mawili na mikono miwili isiyo na kazi, na ana udhuru mdogo zaidi wa kutowatazama watu. Kinachonikera ni kijana aliyepewa nafasi hiyo akaitumia kutazama skrini usiku kucha.

Malalamiko ya mzee nayo si ya ukongwe tu. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, ina safari yake ndani ya wimbo mmoja. Mwimbaji anabembeleza kwanza, magitaa yanazungumza polepole, halafu mambo yanageuka: sebene inaingia, gitaa la solo linapanda, na tangu Zaiko Langa Langa walipoingiza atalaku miaka ya 1980 kuna mtu wa kupiga kelele za kuwainua watu. Mzee aliyekula, akasubiri zile dakika za kubembelezwa, anasubiri malipo yake. DJ anayekata wimbo kabla ya sebene ili aoneshe namna anavyojua kuunga amemnyang'anya mtu haki yake kwa uhodari. Wapo pia wanaofanya kinyume, wanarukia sebene moja kwa moja, na hao wanawachezesha watu bila kuwapa sababu ya kucheza.

Na watu wenyewe ni mchanganyiko usio mwepesi. Kwenye ukumbi mmoja wa Ngara au Biharamulo utawakuta Wahangaza, Washubi, Wazinza, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, jamaa waliovuka kutoka Burundi na Rwanda, watumishi waliopangiwa kazi kutoka Dar es Salaam, na pengine dereva wa lori la kwenda Kigali au Bujumbura aliyealikwa kwa kuwa anafahamiana na kaka wa bwana harusi. Vijana wanataka singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Bongo Fleva nyingi hutembea nusu ya mwendo huo. DJ mjuzi anajua kuwa wimbo wa mapigo 105 na singeli ya 210 zinaweza kukaa pamoja, pigo moja la huku likabeba mawili ya kule, na kwa njia hiyo akampeleka mtu mahali ambapo asingekwenda kwa hiari yake. Huo ndio mtiririko ninaoutafuta. Ukumbi ukigawanyika, vijana mbele, wazee wakitazama simu, nyimbo zinaweza kuwa zimeungana huku watu wameachana.

Kwa hiyo nikiwa harusini sisimami karibu na meza ya DJ. Nasimama nyuma natazama viti. Viti vya plastiki vya kukodi vinasema kweli kuliko makofi: ni meza ipi haijanyanyuka tangu chakula, ni upande wa mke au wa mume, ni akina mama au madereva. Nilimwona DJ mmoja pale Benaco ambaye umeme ulimkatikia katikati ya wimbo. Akina mama wa upande wa bibi harusi hawakusubiri jenereta. Waliimba wenyewe, kwa makofi na vigelegele, na ile meza iliyokuwa imeganda tangu jioni ikasimama. Jenereta likawaka. DJ aliinua mkono kwenda kwenye mashine, akausitisha, akaurudisha mfukoni. Aliwaacha wamalize, akatafuta wimbo wenye mwendo uleule wa makofi yao, akauingiza chini kabisa, sauti ikipanda taratibu. Sijui kama kuna kijana aliyeliona tendo hilo. Kwangu lilikuwa ndilo tendo la kifundi zaidi usiku ule, na sehemu yake kubwa ilikuwa kutofanya kitu.

Huenda naonekana nakuza jambo la starehe. Lakini Ngara ni wilaya inayojua nguvu ya mwenye kipaza sauti. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya huko, na Benaco ikawa kambi iliyotajwa dunia nzima. Huko walikotoka, redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki mtamu, zikiwemo nyimbo za Zaire, kwa watangazaji wachangamfu na kwa utani, na katikati ya utamu huo ikapenyeza chuki. Kwa kipimo cha vijana wetu wa kijiweni, ile redio ilijua kuunga. Mwanamuziki wa Rwanda, Simon Bikindi, katika kesi ya mauaji hayo, alihukumiwa Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15. Mahakama ilimtia hatiani kwa maneno ya uchochezi aliyoyatamka barabarani kwa kipaza sauti, wala si kwa kutunga nyimbo, ingawa nyimbo zake zilijadiliwa sana mahakamani. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara, ikazungumza na wakimbizi na wenyeji kwa lugha zao, na vyombo vyake vya kazi havikuwa vya ajabu kuliko vya RTLM: sauti ya mtu, wimbo, kisha sauti ya mtu.

Ndiyo maana sikubali kumsifu mtu kwa kuwa tu ameweza kuushika umati. Kuushika umati kunafundishika. Ninachouliza ni amewashika kwa ajili gani, na kama katika kuwashika ameona wapo akina nani. Hili linaanzia kwenye mambo madogo ambayo kijiwe hakiyataji: sauti iliyofunguliwa mpaka shangazi na mpwa wake waliopoteana miaka mingi hawawezi kusalimiana, wimbo wa matusi uliowekwa wazazi wakiwa bado kwenye meza kuu, DJ anayetaja jina lake katikati ya kila wimbo, kana kwamba maharusi ndio waliokuja kwenye sherehe yake.

Kamati za harusi huniuliza mara mojamoja DJ yupi achukuliwe, nami siwatajii jina. Nawaambia wasikilize anauliza nini kabla ya kupokea advansi. Wengi huuliza ukumbi una umeme au walete jenereta, na wamepangiwa saa ngapi kwenye ratiba. Ni maswali ya haki. Biharamulo wapo wawili ninaowajua ambao huenda mbali zaidi: wanataka kujua wageni wanatoka wapi, wazee wa pande zote mbili walicheza muziki gani ujanani, na kama kuna atakayewahi kuondoka kwa sababu ya safari ili wimbo wake usichelewe. Mmoja wao huuliza pia kama familia ina msiba wa karibuni, ajue nyimbo za kuacha nyumbani.