Mwalimu wa Herufi na Tunda Asilolikusudia

Juni 2005, Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, aliwasimulia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kisa ambacho tangu siku hiyo hakijaacha kusimuliwa. Alikuwa ameacha masomo Reed College, mjini Portland katika jimbo la Oregon, baada ya muhula mmoja, lakini hakuondoka chuoni. Alilala sakafuni vyumbani kwa rafiki zake na kudandia vipindi alivyovipenda. Kimojawapo kilikuwa kipindi cha kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika herufi kwa mkono na kwa uzuri. Kwa maelezo yake, asingeingia darasa lile, kompyuta ya Macintosh isingekuwa na fonti za aina aina, na huenda kompyuta nyingine zote zingezikosa vilevile.

Mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa hilo ni Robert Palladino, mtu ambaye hakuwahi kumiliki kompyuta maishani mwake. Alizaliwa 1932 huko Albuquerque, New Mexico. Akiwa na miaka 17 aliingia utawani kwa Watrapisti, shirika la Kikatoliki linaloshika ukimya, na huko akazama katika kalamu na wino. Akawa padri. Mwaka 1968 akatoka utawani, akaoa, akapata mtoto. Mkewe alipofariki, miaka ikapita, naye akarudi kwenye upadri mwaka 1995. Alifariki Februari 2016. Kati ya 1969 na 1984 alifundisha Reed jinsi ya kushika kalamu yenye ncha pana, pembe ya kuielekeza, na kwa nini nafasi iliyo baina ya herufi mbili ina uzito sawa na herufi zenyewe.

Je, Macintosh ni tunda lake?

Mwanahistoria wa teknolojia atasita kukubali. Mashine iliyoitwa Alto, iliyoundwa katika maabara ya Xerox kule Palo Alto mwaka 1973, ilikwisha kuonyesha fonti mbalimbali kwenye skrini, na Jobs alipita katika maabara hiyo mwaka 1979. Fonti za mwanzo za Macintosh zilichorwa na Susan Kare, ambaye si mwanafunzi wa Palladino. Kwa hiyo lile "asingeingia darasa lile" lina mashimo. Hotuba ya mahafali si ushahidi wa mahakamani, na Jobs alijua kusimulia.

Tuseme hata hivyo kwamba alikuwa sahihi. Swali la kifalsafa linabaki pale pale: mtu anastahili sifa kwa jambo ambalo hakulikusudia wala hakulijua? Mwanafalsafa Kant angejibu haraka kwamba thamani ya tendo imo katika nia, matokeo yaende yatakakokwenda. Mafundisho ya Kiislamu yanagusa jambo hili kwa namna iliyo tajiri zaidi. Yapo mambo ambayo ujira wake hauishii kaburini, na mojawapo ni elimu iliyowanufaisha watu. Mwalimu aliyekufa anaendelea kuandikiwa kwa yale ambayo wanafunzi wa wanafunzi wake wanayafanya leo. Hapo nia haikutupwa, lakini pia mwalimu hatakiwi kuijua njia yote ambayo elimu yake itapita.

Fikra hiyo ina mvuto, ila ina makali pia. Tukimwandikia Palladino thawabu ya fonti, itabidi tumwandikie na kadi za mchango wa harusi zenye fonti saba katika ukurasa mmoja. Zote zimetoka kwenye menyu ile ile ya fonti. Hakuna anayemlaumu kwa hizo, na hilo linaonyesha kwamba tunapomsifu kwa Macintosh hatupimi matokeo kwa haki. Tunachagua matokeo yanayotupendeza.

Ni afadhali kutazama kile alichokikusudia kweli. Hapo hatuna budi kurudi nyuma hadi kwa aliyemkabidhi darasa.

Lloyd Reynolds aliingia Reed mwaka 1929 kufundisha Kiingereza. Kaligrafia alijifundisha mwenyewe, akiegemea kitabu cha Mwingereza Edward Johnston kilichotoka mwaka 1906. Akaijenga polepole hadi ikawa somo kamili chuoni, na ndani yake akaingiza mashairi ya William Blake, mawazo ya John Ruskin juu ya heshima ya kazi ya mikono, na Ubudha wa Zen. Hakuwa akiandaa wachoraji wa matangazo. Alitaka mwanafunzi awe macho, mwili na akili vikiwa katika mstari mmoja wa wino. Mwaka 1954 kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti ilifika Portland, naye akakataa kuijibu. Alisimamishwa kwa muda. Mwenzake Stanley Moore, profesa wa falsafa, alifukuzwa kabisa. Reynolds akaendelea hadi alipostaafu mwaka 1969 na kumwachia Palladino kalamu.

Katika wanafunzi wa wawili hao alikuwemo Kris Holmes, jina ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hawajawahi kulisikia. Yeye na Charles Bigelow, mwenziwe wa Reed, walibuni Lucida katika miaka ya 1980, fonti iliyokusudiwa isomeke hata kwenye skrini na printa za ubora hafifu. Miaka ya 1990 Holmes alibuni Apple Chancery, ambayo ni mwandiko wa italiki wa makarani wa Italia, ule ule uliofundishwa Reed, ukiwa umetiwa ndani ya kompyuta za Apple. Kwa hiyo mkono wa Reynolds uliingia Apple kweli. Haukupitia kwa Jobs, mwanzilishi wake maarufu. Ulipitia kwa mwanamke aliyekaa akafanya mazoezi ya herufi moja hadi mkono ukatii.

Mwanafalsafa Zhuangzi wa China ya kale anasimulia habari za fundi wa magurudumu aliyemwambia mtawala wake kwamba vitabu ni mashapo ya waliokufa. Ufundi wake yeye umo mkononi, na hata mwanawe wa kumzaa ameshindwa kumrithisha. Ndiyo maana ana miaka sabini na bado anachonga. Fundi huyo amesema nusu ya kweli. Reynolds alianzia kwenye kitabu, na kikamtosha kuanza, lakini Holmes alihitaji kumwona mtu akiandika.

Mwaka 1984, ule ule ambao Macintosh iliingia sokoni, Palladino aliondoka Reed na somo la kaligrafia likafungwa. Mtu aliyetaka kulitetea wakati huo hakuwa na hotuba ya Stanford mfukoni. Angeweza kusema tu kwamba vijana wanaoandika kwa uangalifu wanajifunza kuona, na hoja ya namna hiyo haiwashughulishi sana watu wa bajeti. Kaligrafia ilikuja kurudi chuoni hapo baada ya miongo kadhaa, hotuba ikiwa imekwisha kusikika dunia nzima, na ni vigumu kutojiuliza kama ingerudi pasipo mwanafunzi mmoja mdandiaji.