Mwachie Mungu

Katika kata ya Elerai, jijini Arusha, kama katika miji yetu mingine inayokua, jiko lenye makabati ya ukutani ni kitu ambacho familia hukiwekea akiba muda mrefu. Kazi inapewa kampuni au karakana, advansi inatolewa, mafundi wanakuja na mbao zilizokwisha kukatwa, na siku wanayoondoka kila kitu kinang'aa. Miezi michache baadaye ubao wa chini ya sinki umevimba, mlango unaning'inia kwa bawaba moja, droo haifungi. Mwenye nyumba anapiga simu, anaambiwa kesho; baada ya kesho kadhaa simu haipokelewi. Hapo majirani na waumini wenzake wanampa ushauri ule ule: mwachie Mungu. Ushauri huo unatoka kwenye moyo mwema, lakini naamini mara nyingi unatolewa mahali pasipo pake. Kumdai fundi arekebishe kazi yake ni wajibu wa kidini, na anayeukwepa kwa jina la imani anamkosea fundi huyo kabla hajajikosea mwenyewe.

Tuanze na ubao wenyewe. Makabati mengi ya bei ya kati ni ya chipbodi: vipande vidogo vya mti vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa joto, kisha vikafunikwa melamini juu na chini. Melamini haipitishi maji, ila tumbo la ubao lina kiu. Fundi anapokata tundu la sinki, msumeno unaliacha tumbo hilo wazi pande zote, na ukingo huo unatakiwa uzibwe kwa silikoni au rangi kabla sinki halijashushwa. Ni kazi ya dakika chache. Asipoziba, kila tone linalopenya linanywewa; vipande vilivyoshindiliwa vinatanuka, na vikishatanuka havirudi hata ubao ukikauka. Skrubu za bawaba nazo zinakosa pa kushika. Angalia basi mahali ambapo kazi imelipuliwa. Mlango wa mbele umepigwa msasa vizuri na vishikio vimenyooka, kwa kuwa huko mteja ataangalia. Kilichorukwa ni ukingo ambao sinki litaufunika. Kulishusha sinki juu ya ukingo usiozibwa ni kutamka jambo: ni kumwambia mteja kwamba kazi imekwisha, wakati mkono unaotamka unajua haijaisha. Hapo tumeshatoka kwenye ufundi tukaingia kwenye ukweli na uongo.

Dini zilizoota mizizi hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, hazikuliacha jambo hili gizani. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea habari ya Mtume Muhammad kupita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani na vidole vyake vikapata unyevu. Muuzaji alijitetea kuwa mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume hakubishana naye kuhusu mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akasema kwamba mdanganyifu si mwenzake. Nalipenda jibu hilo kwa jinsi linavyotenganisha mambo mawili. Kulowa si dhambi, na vivyo hivyo si dhambi fundi kuwa mchanga, kukosea kipimo au kukosa zana nzuri. Dhambi iko kwenye kilichowekwa juu ya kingine. Fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ikajenga hapo haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua kasoro iliyofichika. Upande wa Wakristo, Thoma wa Akwino aliandika katika karne ya 13 kwamba muuzaji hana lazima ya kutangaza kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, mradi bei iwe ya haki. Kasoro iliyofichika, inayomletea mnunuzi hasara au hatari, sharti aiseme. Watu wa zama na imani mbalimbali wamegusa ukingo ule ule ulio chini ya sinki.

Pingamizi zito linatoka ndani ya imani yenyewe. Mtu atasema: sawa, fundi ametenda dhambi, lakini mimi nimeamriwa kusamehe, na Paulo aliwauliza Wakorintho kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Ni kweli aliwauliza hivyo. Ila mistari miwili kabla ya hapo aliwauliza jambo jingine: je, hakuna kwao hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu? Kilichomuumiza ni ndugu kuburutana mbele ya mahakimu wasioamini. Hakuwaambia kwamba shauri lisiamuliwe. Tena Mathayo 18 inaweka hatua wazi: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili, asiposikia nenda na shahidi mmoja au wawili, ndipo ufike kanisani. Shabaha ya safari hiyo yote ni kumpata ndugu yako, na huwezi kumpata mtu uliyekataa kumwendea.

Sura inayonishawishi kuliko zote ni Walawi 19. Mle ndani, kwa mistari michache tu, yamewekwa pamoja mambo ambayo sisi tumezoea kuyatenga: ujira wa mtu wa mshahara usilale kwako hadi asubuhi, usimchukie ndugu yako moyoni, mkemee jirani yako, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake, usilipize kisasi, mpende jirani yako, kisha, mbele kidogo, mizani na vipimo viwe vya haki. Kukemea kumewekwa katikati ya kutochukia na kupenda, na anayenyamaza anaonywa kwamba atakuwa na sehemu katika dhambi ile. Sasa tusikilize tunavyosema kwa kawaida: mwachie Mungu, Mungu atamlipa. Neno la pili linaifichua nia ya la kwanza. Aliyesamehe kweli hangoji mtu alipwe. Tunachokiita msamaha hapo mara nyingi ni laana iliyovaa kanzu ya sala, maana tunamsubiri fundi aanguke huku tukimsema kwa kila jirani, na yeye hajaambiwa hata mara moja, uso kwa uso, kwamba ubao umevimba.

Kuna pingamizi la bei, nalo lina uzito kiasi. Mteja alibana hadi fundi akabaki na kiasi kisichotosha hata vifaa, analalamikia nini? Rahisi ghali, wahenga walishasema. Nakubali kwamba anayeshusha bei chini ya gharama ya kazi, huku akijua, ameshiriki kuutengeneza uongo atakaouziwa. Hata hivyo bei hupunguza vitu, haipunguzi ukweli. Fundi anaweza kusema: kwa pesa hii sitatumia mninga wala saipresi, nitatumia chipbodi, na sehemu ya sinki haitavumilia maji. Akisema hivyo hajamdanganya mtu, na jiko lake la bei nafuu ni kazi ya heshima. Sheria ile ya Walawi inambana mteja pia. Kushikilia sehemu ya mwisho ya malipo hadi kasoro irekebishwe ni haki. Kuzuia fedha yote ya kazi ambayo nusu yake ni nzima ni dhuluma, na jasho la kibarua aliyebeba mbao linamlilia Mungu yule yule. Na kampuni ikijitetea kwamba kosa ni la kibarua aliyeshaondoka, jibu ni fupi: aliyepokea advansi ndiye aliyetoa ahadi.

Kwa hiyo madai yanayostahili imani yana sura yake. Yanaanza mbele ya kabati lenyewe, taa ikimulika chini ya sinki, fundi au mwenye kampuni akionyeshwa ukingo na kuulizwa aeleze. Yanaomba ukingo uzibwe na ubao ubadilishwe, bila kuomba mtu adhalilishwe. Yakishindikana anaitwa shahidi, labda mjumbe au mzee wa kanisa au wa msikiti anayeheshimiwa na pande zote mbili. Na ikibidi kuna baraza la kata, ambalo Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 ililipa kazi ya kusuluhisha kwanza. Katika kila hatua fundi anaachiwa mlango wa kurudi na kuwa mtu wa neno lake. Wapo watakaokataa. Karakana itafungwa, namba itabadilishwa, mtu atahamia mji mwingine na hatajulikana alipo. Mwenye nyumba aliyemtafuta kwa njia zote hizo, akaukosa uso wa kuuambia ukweli, amefika mahali ambapo hana tena cha kufanya kwa mikono yake. Huyo anaweza kuubadilisha ule ubao kwa fedha yake, akamwombea mtu aliyempotea, na akimwachia Mungu, anamwachia kweli.