Kijana Kwenda Kucheza Ng'ambo

Mwaka 2015 Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya bila kushindwa hata mara moja, naye Michael Olunga aliifungia mabao 19. Mwaka uliofuata alihamia Djurgården ya Uswidi, na ubingwa ukachukuliwa na Tusker. Sisemi hiyo ndiyo sababu peke yake. Lakini ligi ndogo ikiondokewa na hodari wake, hata wapinzani hukosa wa kujipima naye.

Je, ni haki basi kumzuia? Mimi nasema la. Kijana si mali ya mashabiki. Miguu ni yake, na nguvu zake ni za miaka michache tu. Mwaka 2020 Olunga alifunga mabao 28 akawa mfungaji bora wa ligi ya Japani.

Lililo gumu zaidi ni fedha. Djurgården ilimwuza China mwaka 2017. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji auzwapo nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, sehemu 5 katika kila 100 za bei hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu ikizimaliza kwa mishahara ya msimu mmoja, na watoto wa jirani wangali wakicheza kwa mpira wa matambara, itamlaumu nani kijana mwingine akiondoka?